Iko Zima, Papa Melkiori

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, tumalizane. Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, saa tisa mchana, bila kuonja hata kikombe kimoja cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikiwa na koleo mkononi na akili zangu zote kichwani. Nasema mchana kwa sababu watu wakisikia habari za mzimu wanataka usiku, bundi na makaburi. Mimi sikupata hata kimoja kati ya hivyo. Nilipata mvua, ruloti, na taa moja iliyokataa kuwaka.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Kazi yangu ilikuwa umeme. Nilijifunza Bukavu, kisha nikaletwa Masisi kwenye gereji ya Mbelgiji mmoja, mahali ambapo maji ya mto yalizungusha mashine ndogo na kutupatia kuran, ndivyo tulivyouita umeme. Mtu mweusi aliyejua kushika kuran wakati ule alijiona bwana mdogo. Nilivaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku ambazo nilijua nitalala chini ya lori. Wasichana wa soko la Masisi walinifahamu kwa jina, au niliamini hivyo. Nakwambia haya ili ujue ni mtu gani unayemsikiliza: kijana wa miaka ishirini na minne aliyependa sana kusifiwa.

Siku moja ikaletwa ruloti. Kama hujapata kuiona, ni nyumba ndogo ya mbao iliyowekwa juu ya magurudumu, ina kitanda, meza na jiko ndani yake, nayo huvutwa na lori. Mwenyewe alikuwa muzungu aliyetafuta mawe ya bati katika misitu ya Walikale. Jina lake niache. Sisi tulimwita Bwana Mawe. Alikuwa amechoka kusoma ramani zake kwa taa ya petroli, macho yakimwasha kwa moshi. Alitaka ampuli tatu, taa za umeme, darini: moja juu ya kitanda, moja juu ya meza, moja juu ya jiko la mpishi wake. Mashine ya kuzalisha kuran ilikuwa inamngoja huko kambini.

Mpishi huyo ndiye kisa chenyewe. Aliitwa Papa Melkiori, mtu wa Burungu, umri wake kama wa baba yangu, mfupi, safi, mwenye kitambaa cheupe kiunoni tangu asubuhi hadi jioni. Visu vyake alivipanga juu ya kitambaa kwa urefu, kidogo hadi kikubwa, na ole wako ukivihamisha. Na alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha gereji nzima. Hakufanya jambo bila kuuliza. Bwana, nitie chumvi? Fundi, nipite hapa? Nifungue dirisha ao niache? Nilimbatiza jina la Papa Nifanye. Siku ya pili nikamwuliza, "Papa, na kupumua je, unaombaka ruhusa kwa nani?"

Alicheka hadi akafuta macho. "Fundi, nilitumika kwa bazungu miaka makumi mbili. Ile ya kwanza, walinipiga sana. Tangu nilianza kuuliza, hakuna hata mumoja alinipiga tena."

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, kazi ilikuwa imebaki kidogo tu. Taa ya kitanda na taa ya meza zilikuwa tayari, nimezijaribu, zikawaka, nikazizima kwenye swichi zake. Ya tatu, ile ya jikoni, ilikuwa bado nyaya mbili tupu zinazoning'inia darini, zinangoja kikombe cha kushika ampuli. Kikombe nilikuwa nimekisahau kwenye meza ya kazi. Nikatoka kukichukua. Waya mrefu unaoleta kuran kutoka gerejini niliuacha umechomekwa palepale. Kuuchomoa ni kazi ya sekunde mbili. Sikuuchomoa.

Nje nikamkuta Bonifasi, shofere wa lori, na viazi vitamu vya moto. Nikachukua kimoja. Nikaanza kumsimulia zile taa, jinsi zilivyowaka mara ya kwanza bila hata kupepesa, jinsi hakuna muzungu aliyenisaidia hata kwa msumari mmoja. Nadhani Bonifasi alichoka kunisikiliza, kwa maana aliingia chini ya lori lake na kiazi chake. Nami nikabaki pale nimesimama, nimejaa sifa na viazi.

Hapo ndipo Papa Melkiori alipoita kupitia dirisha la ruloti. "Fundi! Iko zima?"

Nikajibu kinywa kimejaa, kwa furaha, hata bila kugeuka: "Iko zima, Papa! Iko zima kabisa!"

Ngoja nikueleze, maana wewe labda umefundishwa Kiswahili cha shuleni. Kwetu hatusumbuki sana na viambishi. Kitu kisicho na kasoro ni nzima, mtu asiye na ugonjwa ni muzima, moto uliokufa umezima, na ukiita kutoka dirishani kichwa na mkia vya neno vinaanguka njiani. Kinachofika ni zima. Mimi nilifikiri ananiuliza juu ya zile taa zangu mbili: je, ziko nzuri, zinafanya kazi? Nilifikiri ananisifu. Yeye alikuwa anauliza juu ya zile nyaya mbili zilizomzuia kutundika sufuria: je, zimekufa, nizisogeze?

Aliuliza kama alivyouliza siku zote. Akajibiwa. Akashika.

Nilisikia sufuria ikianguka, kisha kitu kizito zaidi. Nilipochomoa ule waya na kuingia ndani, alikuwa chini, kitambaa chake bado cheupe. Kidole gumba cha mkono wa kuume na vidole viwili vya jirani vilikuwa vyeusi. Nilimwita. Nilimtikisa. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza, kwa maana mpaka hapa ni ajali, na ajali Mungu anaielewa. Ubaya wangu unaanzia hapa. Bwana Mawe alikuja, na mwenye gereji, na polisi mmoja mwenye kiboko kiunoni. Nilikitazama kile kiboko, nikatazama mikono yangu. Bwana Mawe akaniuliza mbele ya watu wote: "Kabla ya kushika, alikuuliza?"

"Hakuuliza," nikasema.

Neno moja. Ulimi haukutetemeka. Na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba halikuwa gumu kulisema. Bonifasi alisikia nilivyomjibu yule mzee, au hakusikia, sijui. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumwuliza.

Tulimzika Burungu, kwenye kilima kinachotazama mashamba ya maharage. Mkewe, Mama Veronika, hakulia kama wengine wanavyolia. Alikuwa anasema tu, akimgeukia huyu na yule: "Haiwezekane. Bwana yangu anaulizaka. Mimi namujua, anaulizaka." Watu walimshika mabega, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi pia nilitikisa kichwa. Niamini, nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu kutoka kwake, nami nilitikisa kichwa kama wenzangu.

Neno langu halikubaki gerejini. Lilipanda malori, likashuka sokoni, likaingia kwenye machimbo. Kapita wetu, yule msimamizi wa wafanyakazi, kila alipopokea mtu mpya alimwambia: "Usikufe kama Melkiori. Uliza kwanza." Akina mama walianza kuwaambia watoto wanaochezea moto. Ilifika mahali jina la yule mzee, mtu aliyeuliza kuliko watu wote niliowahi kuwaona, likawa jina la mtu mjinga anayevamia mambo. Unajua nini kibaya zaidi? Nilipopewa mimi mwenyewe wanafunzi wawili wa kufundisha, siku ya kwanza nilifungua mdomo nikawaambia hayohayo. Usikufe kama Melkiori. Maneno yalitoka yenyewe, na usiku ule nilikula vizuri nikalala.

Ukapita mwaka. Ukaja ujumbe kutoka Kibua, kule barabara ya Masisi inapoteremka na kuingia msituni kuelekea Walikale. Bwana Mawe alikuwa amepiga kambi pale, na taa ya jikoni katika ruloti ilikuwa imekufa. Nyingine mbili zilikuwa nzuri. Ile moja tu. Niliposikia hivyo sikutaka kwenda, lakini kazi ni kazi, na ningetoa sababu gani ya kukataa?

Nilikwenda na Bonifasi. Mvua ilitupokea tangu kwenye kona za mwisho, mvua ya Walikale, ile ambayo hushangai ukisikia haijakatika tangu juzi. Tulifika saa tisa na miti imefunika mbingu, giza kama la jioni. Mlinzi wa kambi alisema Bwana Mawe ameingia msituni na wabebaji wake tangu asubuhi. Mashine ya kuran ilikuwa ndani ya kibanda, mbali, kando ya ghala, na kwa mvua ile juu ya mabati hukuweza kusikia kama inaunguruma au imenyamaza. Nikamwambia Bonifasi: "Enda ukakate kuran kule kwa kibanda. Ukimaliza, simama pa mulango, inua mukono." Nilikuwa nimejifunza kitu, unaona. Kidogo, lakini nilikuwa nimejifunza.

Nikaingia ndani ya ruloti. Mtu alikuwa amesimama mbele ya jiko, ananipa mgongo, amejifunga shuka kichwani na mabegani kwa ajili ya baridi, na kitambaa kiunoni.

"Karibu, fundi," akasema. "Nikuwekee kiti?"

Nikafikiri ni mpishi mpya. Ungefikiri nini wewe? Nikashukuru, nikapanda juu ya kigoda, nikaanza kufungua kile kikombe cha darini. Mwanga uliingia kidogo tu kwenye kidirisha, nami macho yangu yalikuwa juu. Yule mtu alisimama chini yangu akanipa vyombo vya kazi kimoja kimoja, na kila kimoja, kuanzia bisibisi, alikiulizia. Nikupe turnevisi? Hii ndogo ao ile kubwa? Nishike hii waya, ao niiache?

Nakuapia, nilipendezwa. Nilijiambia, tazama mtu mwenye adabu, hata wanafunzi wangu gerejini hawanisaidii hivi. Ndivyo kichwa cha mwenye kosa kinavyofanya kazi. Kinapita kando ya shimo ambalo kimelichimba chenyewe, na hakilioni.

Kikombe kilitoka. Nyaya mbili zikabaki tupu mbele ya uso wangu, umbali wa kiganja. Nikainua vidole nizishike, kisha nikakumbuka kumtazama Bonifasi. Kutoka juu ya kigoda sikuweza kuona kibanda.

"Papa," nikamwambia yule mtu, "tazama kule nje kwa dirisha. Kuran iko zima?"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Sikufikiri.

Akasogea kwenye kidirisha, akainama, akatazama nje muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akajibu.

"Iko zima, Papa! Iko zima kabisa!"

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti yangu. Ya mwaka uliopita, ya furaha, na kiazi mdomoni.

Sijui kama umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ikitoka nje yako. Mimi sikuwa nimewahi. Mkono wangu ulibaki pale juu, vidole vimefunguka, nyaya mbele yake. Kushika sikuweza. Kuteremka sikuweza.

"Papa," nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, "ni zima gani?"

"Ah," akasema, na sasa ilikuwa sauti yake, taratibu, ile ninayoijua. "Leo unauliza zima gani. Mimi sikuuliza ile. Nilisikia zima, nikaelewa imekufa."

Akageuka. Shuka lilikuwa limeteremka mabegani. Ilikuwa sura yake ileile, haina kovu wala hasira, na hilo lilinitisha kuliko kama angenionyesha meno. Akainua mkono wa kuume ili niuone. Kidole gumba na vile viwili.

"Papa, wewe ni muzima ao muzimu?" Huo ndio ujinga niliousema.

"Fundi, nina neno moja tu," akasema. "Siku ile, nilikuuliza ao sikukuuliza?"

"Papa, mimi nilifikiri unasema juu ya zile taa mbili, nilifikiri..."

"Sikuuliza ulifikiri nini. Nilikuuliza ao sikukuuliza?"

"Waliniogopesha, Papa. Polisi alikuwa na kiboko."

"Ile najua. Walinipiga na mimi." Akasogea hatua moja. "Nilikuuliza, fundi, ao sikukuuliza?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwaka mzima nilikuwa nimelikalia neno lile. Nikaanza kulia. Sioni haya kukwambia, nililia juu ya kigoda mkono ukiwa juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema darasani.

"Uliniuliza."

"Na jina yangu."

"Papa Melkiori, uliniuliza. Uliniuliza vizuri, na mimi nilikujibu vibaya, halafu nikasema bongo juu yako, uongo mutupu."

Kisha akauliza, kwa adabu ileile, kama mtu anayeomba kupita: "Utaenda kumwambia bibi yangu?"

"Nitaenda."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Bonifasi, amelowa maji, anahema. "Fundi, usishike! Usishike kitu! Ile kishikio ya kukatia imevunjika, kuran bado inapita!"

Nikatazama nyaya. Nikatazama chini. Hapakuwa na mtu. Bonifasi akaniuliza kwa nini nalia, nami nikamwuliza mpishi amepita wapi. "Mupishi gani?" akasema. "Tangu Papa Melkiori, muzungu hakupata mupishi wa kuingia humu. Anajipikia mwenyewe inje." Nikagusa jiko. Lilikuwa baridi, na vumbi juu yake. Lakini juu ya meza vyombo vyangu vya kazi, ambavyo mimi huvitupa ndani ya mfuko kama viazi, vilikuwa vimepangwa kwa urefu, kidogo hadi kikubwa.

Fikiria jambo hili kama ninavyolifikiria mimi kila siku. Kuran ilikuwa inapita. Kama angenijibu kwa sauti yake mwenyewe, ningeshika. Hakuja kuniua, ingawa njia ilikuwa wazi na sababu alikuwa nayo. Alikuja kuuliza.

Utadhani niliondoka Kibua mbio kwenda Burungu. Ndivyo ningependa kukwambia. Ukweli ni kwamba niliacha Jumapili tatu zipite. Ya kwanza nilisema barabara imeharibika. Ya pili nilisema nina homa, na kwa kweli nilijitahidi kuipata. Ya tatu sikusema kitu, nililala tu nimefunika uso. Kila nilipokuwa kazini nilimsikia nyuma yangu, taratibu, bila hasira: Fundi, utaenda? Ndiyo maana nilikwenda. Sikuwa jasiri. Nilichoka.

Nilimkuta Mama Veronika shambani, Jumamosi, anapalilia maharage. Alinikaribisha kama mgeni, akaniuliza habari za safari, akataka kwenda nyumbani kunipikia. Nikamwomba asimame tu. Nikamwambia yote, kuanzia kiazi hadi Kibua. Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama jembe lake.

Nilitegemea anilaani, au anipige kwa lile jembe, na nadhani ningeshukuru. Aliuliza tu: "Alikuuliza na sauti gani?"

"Sauti ya mupole, Mama. Ile yake ya siku zote."

"Alikuita nani?"

"Fundi. Alisema: Fundi, iko zima?"

Akalirudia polepole, kana kwamba analionja. Fundi, iko zima. Akalirudia tena. Ndipo machozi yakaja, yale ambayo sikuyaona siku ya mazishi.

"Basi hii njo neno yake ya mwisho," akasema.

"Njo hiyo, Mama."

"Balinileteaka kofia yake. Balinileteaka visu vyake na kitambaa yake. Hii neno, ni wewe ulikuwa nayo." Akanitazama, nami sikuweza tena kukimbilia jembe. "Mwaka muzima, fundi, unakaa na neno ya bwana yangu, na mimi niko hapa nalala peke yangu, nafikiri labda simujue ile muntu niliolewa naye."

Sijawahi kupigwa vile. Hata wale waliochapwa viboko gerezani walitoka siku moja na mgongo ukapona.

Kesho yake, baada ya sala, nilisimama mbele ya mlango wa kanisa na kuwaambia watu wa Burungu kwa sauti kubwa: Papa Melkiori aliuliza. Mimi ndiye niliyejibu vibaya, na mimi ndiye niliyesema uongo. Wengine waliguna. Mzee mmoja alitema mate mbele ya miguu yangu, na alikuwa na haki. Mama Veronika alisimama kando yangu muda wote, hakunishika mkono wala hakuniacha. Bwana Mawe na mwenye gereji niliwaambia pia. Mwenye gereji alinifukuza kazi siku ileile, na sikulalamika.

Ulidhani yaliishia hapo? Sasa ni mzee, nimefanya kazi Masisi na Walikale miaka mingi, na uongo wangu bado uko hai kuliko mimi. Mwaka jana tu, sokoni Walikale, nilimsikia mama mmoja akimkaripia mtoto aliyeshika makaa: usikufe kama Melkiori. Hakujua Melkiori ni nani. Nilisimama, nikaweka mzigo chini, nikamweleza. Alinitazama kama unavyotazama mzee aliyepungukiwa akili, akamvuta mtoto wake wakaondoka. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kweli yangu inatembea kwa miguu yangu tu. Ule uongo ulipanda malori.

Na Papa Melkiori bado yupo. Haji tena na sura. Lakini kila ninapopanda kigoda na nyaya zikawa tupu mbele yangu, nasikia mtu chini yangu anangoja kwa adabu. Basi nateremka, naenda mwenyewe hadi kwenye kikatio cha kuran, naikata kwa mkono wangu, narudi, na nasema kwa sauti hata kama niko peke yangu: Imekufa, Papa. Unaweza kushika. Watu wakinisalimu, uko muzima, nachelewa kidogo kuwajibu, nao hudhani masikio yameziba.

Basi wewe unayenisikiliza, sijali kama umeamini habari ya Kibua au hukuamini. Lakini mtu akikuita kupitia dirishani, meza kwanza kilicho mdomoni, geuka umtazame, na usimjibu kwa neno lilelile alilokuuliza. Mpe lingine. Mwambie imekufa, au mwambie inaua. Na kama umeshakosea, na watu wamekusanyika, na mwenye kiboko anakutazama, akakuuliza kama yule aliyelala chini alikuuliza, sema ndiyo. Sema palepale, kabla neno halijapanda lori.